Hongera, Bwana Si-Niliwaambia

Katika kila mchezo duniani yupo mtu mmoja ambaye hajawahi kukosea. Kocha hukosea, mchezaji huteleza, refa hupitiwa, hata nyasi za uwanjani huota pasipotakiwa. Yeye hapana. Timu ikishinda alijua itashinda, ikifungwa alijua itafungwa, na mvua ikiahirisha mechi aliliona wingu tangu juzi. Jina lake ni Bwana Si-Niliwaambia. Kazi anaifanya bila mshahara, bila likizo na bila kuombwa, na sijaona mtu aliyekaa chini akaandika hata mistari miwili ya kumshukuru. Leo namshukuru.

Anapatikana kote, ila ukitaka kumwona katika ubora wake mfuate Marekani, kwenye futiboli ya vyuo vikuu, ile ya kofia ngumu na mpira wenye ncha mbili. Utamkuta Tuscaloosa, Alabama, kwenye kiti cha kinyozi. Utamkuta College Station, Texas, akijaza mafuta kwenye gari huku akimfundisha mtu wa pampu ya pili. Utamkuta Bristol, Connecticut, kwenye studio za ESPN, amefunga tai. Huko amepewa kila anachohitaji: vijana wa miaka 17 na 18 wasioweza kumjibu, nyota za kuwapachika, na miaka mitatu minne kati ya utabiri na hukumu, muda unaotosha kabisa kusahau alichosema.

Utaratibu wenyewe ni huu. Kila mwaka vyuo husajili vijana wanaomaliza sekondari, na wote waliosajiliwa na chuo kimoja mwaka huo huhesabiwa kuwa kundi moja. Anayefuatilia dirisha la usajili la Simba na Yanga anaujua moto wake. Tofauti ni kwamba hawa hawajacheza hata mechi moja ya watu wazima. Kwa miaka mingi siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya kwanza ya Februari. Karatasi zilizosainiwa ziliingia kwa faksi, na wanaume wenye mishahara ya mamilioni waliizunguka ile mashine wakisubiri itoe mlio. Tangu Desemba 2017 kuna dirisha la mapema, na siku hizi wengi husaini wakati huo, kabla ya Krismasi.

Kampuni kama Rivals, 247Sports na ESPN huwapima vijana hao, huwapa nyota mpaka tano, kisha hujumlisha na kuvipanga vyuo kuanzia cha kwanza hadi cha mwisho. 247Sports huwapa nyota tano vijana wapatao 32 kwa mwaka, kwa sababu raundi ya kwanza ya uteuzi wa NFL, ligi ya wanaolipwa, ina nafasi 32. Inaelekea wazazi wa Marekani wameshaarifiwa idadi hiyo na hujitahidi wasiizidishe.

Sasa tumtazame bwana wetu akiwa kazini. Februari 2013 Chuo Kikuu cha Mississippi, ambacho watu hukiita Ole Miss, kilisajili kundi lisilo la kawaida yake. Alikuwamo Robert Nkemdiche, mlinzi wa mstari wa mbele, ambaye wengi walimpanga kuwa kijana namba moja nchi nzima. Alikuwamo Laquon Treadwell, mdakaji, na Laremy Tunsil, ambaye kazi yake ni kumkinga mrusha mpira. Wote hao ni nyota tano. Kocha Hugh Freeze alikuwa na msimu mmoja tu kazini pale, na Ole Miss si chuo kilichozoea kuwanyang'anya wakubwa watu wa namna hiyo. Minong'ono ikaanza. Freeze akaandika mtandaoni kwamba mwenye ushahidi wa kanuni kuvunjwa autume kwenye ofisi ya chuo inayosimamia kanuni, na asiye nao asiwachafue vijana na familia zao. Bwana Si-Niliwaambia hakuwa na ushahidi. Alikuwa na kitu bora zaidi, nacho ni uso wa mtu anayejua. Akatikisa kichwa, akasema hapa pana namna.

Hukumu ya pili ilikuja tarehe 4 Oktoba 2014. Ole Miss waliifunga Alabama 23 kwa 17, mashabiki wakavamia uwanja, wakang'oa nguzo za goli na kuzitembeza chuoni. Wiki hiyo bwana alieleza kwa utulivu kwamba kundi la 2013 lilikuwa bora kuliko hata nyota zake, na kwamba yeye aliliona mapema. Haujapita mwezi, Treadwell akavunjika mguu kwenye mstari wa goli wakicheza na Auburn. Mpira ukamtoka mkononi, na mechi ikaondoka nao, 35 kwa 31. Kijana amelala pale chini, na bwana anakumbusha kwamba alishasema timu hii ikipoteza mmoja imekwisha. Septemba 2015 wakaifunga Alabama tena, safari hii kwao Tuscaloosa. Safari hii hakueleza. Alitabasamu tu, kama inavyompasa mtu aliyekwisha kuyasema.

Ikafika Aprili 2016, siku ya uteuzi wa NFL. Dakika chache kabla ya shughuli kuanza, akaunti ya Tunsil ilidukuliwa na video ikarushwa, yeye anavuta akiwa amevaa kinyago cha gesi. Timu kadhaa zikamruka, Miami wakamchukua wa 13. Treadwell akaenda wa 23, Nkemdiche wa 29. Vijana watatu wa kundi moja, wote raundi ya kwanza, chuo ambacho miaka mitatu nyuma kilikuwa kinaambiwa kimejipakulia kisichokitosha. Kwa mtu wa kawaida usiku huo ungekuwa na utata: je, wamefaulu au wamejiaibisha? Bwana Si-Niliwaambia alikuwa amesema yote mawili.

Akayasema na yaliyofuata. Treadwell alidaka mpira mmoja katika msimu wake mzima wa kwanza wa NFL. Nkemdiche aliachwa na Arizona baada ya misimu mitatu. Tunsil, yule wa kinyago, akaja kuwa miongoni mwa wanaolipwa fedha nyingi kuliko wote katika nafasi yake. Na katika kundi lilelile la 2013 alikuwamo kijana wa nyota tatu, Evan Engram, ambaye siku ya kusaini kamera hazikumhangaikia. Mwaka 2017 alichaguliwa raundi ya kwanza, nafasi ya 23, nafasi ileile aliyochaguliwa Treadwell mwaka uliotangulia. Ningependa kujua ni mashine gani ya kupimia ingeyaona hayo mwaka 2013, lakini swali hilo ni la watu wanaohitaji mashine.

Julai 2017 Freeze alijiuzulu baada ya kugundulika simu aliyoipiga kwa namba ya biashara ya wanawake, kwa simu ya chuo. Mwishoni mwa mwaka chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kikakizuia chuo kucheza mechi za baada ya msimu, na baadaye kikafutiwa ushindi 33 wa misimu kadhaa. Hapo ndipo mzee mzima alipoinuka kitini, akajifunga kibwebwe na kulitamka lile neno lake kwa sauti iliyosikika kaunti tatu. Kundi moja, vijana walewale, limekuwa la hila, la mashujaa, la wasio na akiba, la dhahabu, kisha la hila tena, na mara zote tano alikuwa amesema. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Bwana huyu hajajaliwa hata mtoto.

Nampenda pia kwa jinsi alivyolibeba kundi la Texas A&M la 2022. Kwa hesabu za 247Sports, halikuwa limewahi kutokea kundi lililopimwa juu kiasi kile. Nyota tano zilikuwa nyingi hata vijana wa nyota nne wakaonekana wamekuja kubeba mabegi. Tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo walikuwa wameruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya majina na sura zao, na Mei 2022 Nick Saban, kocha wa Alabama, alisema hadharani kwamba A&M wamemnunua kila mchezaji wao. Kesho yake Jimbo Fisher, kocha wa A&M aliyewahi kuwa msaidizi wa huyohuyo Saban, akaitisha waandishi wa habari na kumjibu kwa maneno ambayo ndugu huambiana siku ya kugawana mirathi.

Bwana hakuingilia ugomvi wa wakubwa. Yeye alikuwa anapanga barabara ambayo gari la kombe lingepita.

Tarehe 10 Septemba 2022 A&M walimkaribisha Appalachian State, chuo cha milimani huko North Carolina, kwenye uwanja wao wa Kyle Field unaoingiza watu zaidi ya 100,000. Wageni wakashinda 17 kwa 14. Msimu ukaisha kwa ushindi mara tano na kupoteza mara saba. Novemba 2023 Fisher akafukuzwa, na mkataba wake ukakilazimu chuo kukubali kumlipa zaidi ya dola milioni 75 ili asiwafundishe. Kwenye pampu ya mafuta pale College Station, bwana aliufuta mdomo wa mpira wa mafuta kwa kitambaa, akaurudisha mahali pake, na kumwambia mwenzake kwamba fedha hainunui moyo. Aliongeza kwamba hilo alilisema zamani sana. Mwenzake, mtu mwenye adabu, hakuuliza lini.

Lakini uhodari wake halisi ulionekana baadaye, pale kundi lilipotawanyika. Siku hizi mchezaji huweza kuingia kwenye mfumo wa uhamisho ulioanza 2018, na tangu 2021 akaanza kucheza chuo kipya bila kukaa benchi mwaka mzima. Walter Nolen akaenda Ole Miss. Evan Stewart akaenda Oregon, LT Overton akaenda Alabama, Conner Weigman akaenda Houston. Shemar Stewart akabaki. Katika misimu mitatu huyu aliyebaki alimwangusha mrusha mpira mara nne na nusu tu (nusu ni pale wawili wanapomwangusha pamoja), hesabu ambayo bwana aliikariri kwa masikitiko kila Jumapili. Aprili 2025 Arizona wakamchagua Nolen nafasi ya 16. Waliofuata ni Cincinnati, nafasi ya 17, wakamchagua Stewart. Aliyeondoka na aliyebaki wakapita mlango mmoja wakifuatana.

Sasa lile kundi lilikuwa zuri au baya? Chuo hakikupata kombe, kocha hakupata msimu mwingine, vijana wamepata kazi. Mwandishi mwoga angesema inategemea unamuuliza nani. Bwana Si-Niliwaambia akiulizwa hujibu mara moja: ndiyo.

Florida nako nilitaka kukupeleka, lakini niseme kwa kifupi. Mwaka 2010 kocha Urban Meyer alisajili kundi ambalo baadhi ya wapangaji waliliweka kileleni nchini. Mwisho wa mwaka huohuo Meyer akaondoka. Novemba 2013, mwaka ambao kundi lile lingekuwa limekomaa, Florida walifungwa nyumbani na Georgia Southern 26 kwa 20, na Georgia Southern hawakukamilisha pasi hata moja ya kurusha mchezo mzima. Bwana alikuwepo uwanjani, au alisema alikuwepo.

Wapo wachokozi wanaotaka kumharibia kazi kwa hesabu. Mwandishi Bud Elliott alijiuliza jambo jepesi: katika usajili wa miaka minne wa chuo fulani, je, vijana wa nyota nne na tano ni zaidi ya nusu? Kwa zaidi ya miaka kumi mfululizo kila bingwa wa taifa alikuwa amevuka nusu hiyo. Maana yake nyota zikijumlishwa hazidanganyi sana. Upande wa pili, NFL imejaa watu waliokuwa na nyota tatu kushuka chini kuliko wale wa nyota tano, na hapo hakuna muujiza: nyota tano hupewa vijana thelathini na kitu kwa mwaka, nyota tatu hupewa zaidi ya elfu. Kwa hiyo nyota hujua mengi kuhusu umati, na kuhusu kijana mmoja aliyesimama mbele yako hazina la uhakika. Ni jibu la kweli, na kwa sababu hiyo halina soko kwa kinyozi.

Bwana wetu amezitafutia nyota matumizi bora. Kijana wa nyota tano akifaulu, nyota hazidanganyi. Akianguka, nyota ni michezo ya watoto, na hapo humtoa J.J. Watt mfukoni. Watt alikuwa na nyota mbili, akaanzia Central Michigan, akaacha ufadhili, akasambaza piza, akaingia Wisconsin kwa gharama zake, na baadaye akawa mlinzi bora wa mwaka wa NFL mara tatu. Bwana huisimulia habari hiyo hata msibani. Akimaliza humshika Josh Allen, ambaye hakuna chuo kikubwa kilichomtaka alipomaliza sekondari. Alikwenda chuo kidogo cha Reedley huko California, akawaandikia makocha barua pepe kwa wingi, Wyoming wakamchukua, na katika msimu wa 2024 akatajwa mchezaji bora wa NFL. Bwana angemchukua siku ileile ya kwanza. Barua pepe tu ndiyo haikumfikia.

Kwa kulinganisha, mtazame mtu asiyeijua kazi hii. Januari 2012, mbele ya kamera za ESPN, kijana Landon Collins wa Louisiana alitangaza chuo anachokwenda. Mama yake alikaa pembeni yake. Kijana akataja Alabama, watu wakapiga makofi, na mama akatikisa kichwa. Uso ulikuwa wa mzazi ambaye mtoto wake amemletea mchumba asiyetarajiwa. Akapewa kipaza sauti, akasema wazi kwamba yeye anaona LSU, chuo cha jimbo lao, ndipo panapomfaa mwanawe. Makosa ya kitaalamu yaliyomo humo hayahesabiki. Alisema kabla. Alisema mbele ya mashahidi. Alisema jambo moja, lisilo na mlango wa nyuma. Kijana akatwaa ubingwa wa taifa na Alabama msimu uleule wa kwanza, na 2015 akachaguliwa nafasi ya 33 kwenda New York Giants, na video ya mama ipo mpaka leo kwa kila mwenye simu. Mtu mwenye uzoefu angetikisa kichwa nusu, akakohoa, akasubiri.

Nimesikia pia lawama kwamba Bwana Si-Niliwaambia na wenzake wanawaumiza vijana. Hutolewa mfano wa mji wa Fernley, Nevada. Februari 2008 mwanafunzi mmoja wa sekondari hapo aliketi mezani kwenye ukumbi wa michezo wa shule, wanafunzi wenzake wamejaa, kamera ziko mbele yake na kofia mbili zipo mezani, ya California na ya Oregon. Akavaa ya California. Ukumbi ukalipuka kwa shangwe. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba si California wala Oregon waliokuwa wamemtaka; alikuwa ameibuni habari nzima. Akaomba radhi. Wenye huruma wanasema mtoto hatungi uongo mkubwa namna ile mpaka watu wazima wamjengee jukwaa kwanza. Bwana anasema alimshuku tangu alivyoshika kofia.

Basi tumtendee haki. Ukikutana naye usimuulize Februari alisema nini. Ni utovu wa adabu, na zaidi ya hapo utamkuta amesema hicho hicho unachotaka kumuumbua nacho. Mpishe kiti. Mwagizie kahawa. Akianza kwa "ningekuwa mimi kocha", itikia.

Na wewe msomaji, ikiwa unayo karatasi uliyoandika utabiri wako siku ya kusaini, pamoja na tarehe, ichane leo. Dirisha la Desemba halichelewi kufika, na chama hiki hakipokei mwanachama mwenye kumbukumbu.